Siku Mbili Berlin: Tunapiga Picha, Hatuulizi

Najua nimekuwa kimya. Masomo yamenibana, halafu wikiendi iliyopita nikakimbilia Berlin na wenzangu wawili. Usiku mmoja, siku mbili. Nimerudi na miguu iliyovimba, picha mia mbili na ushee kwenye simu, na hasira. Leo naomba tuzungumze hiyo hasira.

Ilianza nilipowatumia watu picha. Ile niliyosimama mbele ya Lango la Brandenburg, mikono mfukoni kama mwenye nyumba, ilipata pongezi ndani ya saa moja. "Umetoka mbali kaka." "Mungu akuinue zaidi." "Usitusahau wenzio." Mjomba wangu mmoja amesema ataiosha aitundike sebuleni. Halafu nikatuma picha nyingine, ya mfupa wa mguu mrefu kuliko mimi, nikaandika chini yake kwamba mfupa huu umetoka Lindi. Waliojibu ni watatu. Mmoja akauliza kama nimeiona theluji.

Sasa ndugu msomaji, kabla hujasema naleta ujuaji, nisikilize. Sisi vijana tuliosoma, tunaojiita wenye kufikiri, tunapopata nafasi ya kufika mji kama Berlin tunautembelea kwa macho ya kuazima. Tunaangalia tulichoambiwa tuangalie, tunapiga picha pale wenzetu walipopiga, tunarudi. Na mji ule, kuliko miji mingi ya Ulaya, umejaa mambo yetu. Yapo majina yetu, mifupa yetu, kaburi la mipaka yetu. Tunayapita tukielekea kwenye soseji.

Niwasimulie tulivyokwenda, mjue sizungumzi hewani.

Tulikuwa watatu. Mimi mtoto wa Moshi, rafiki yangu Mkenya tunayepanga naye chumba, na dada mmoja wa Kitanzania anayesoma uhandisi. Sitawataja majina, maana mmoja ameshaniambia nikimtaja hatanipikia tena chapati. Basi la alfajiri, hosteli ya vitanda vinane chumba kimoja, mayai ya kuchemsha kwenye mkoba. Mwanafunzi anajua.

Siku ya kwanza tulijiunga na kundi la watalii wanaotembezwa kwa miguu. Kijana aliyetuongoza alikuwa hodari kweli. Anajua kuchekesha, anajua tarehe. Saa tatu nzima alitupa hadithi za aina tatu: wafalme wa Prussia, Hitler, na Ukuta. Tuliona lango lililokamilika mwaka 1791. Tukapita katikati ya vile vizuizi 2,711 vya zege vya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, mahali ambapo hata mpiga soga ananyamaza mwenyewe. Tukaoneshwa uwanja wa kuegesha magari ambao chini yake ndiko kulikokuwa na handaki la Hitler. Watu wakapiga picha magari ya watu.

Halafu tukaingia Wilhelmstraße. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya safari, kwa hiyo nilikuwa macho. Barabara hiyo, namba 77 ya enzi hizo, ndipo lilipokuwa jumba la Bismarck. Humo ndani, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa kuwekeana masharti ya kuigawana Afrika. Mwafrika hata mmoja hakualikwa. Jumba lenyewe halipo tena. Lipo kibao cha maelezo mbele ya majengo ya ghorofa, na watu wanaanika nguo kwenye roshani.

Kiongozi wetu akapita. Hakusimama. Kutoka kwenye lile handaki hadi pale ni mwendo wa dakika chache tu, na kundi lilikuwa na Waafrika watano: sisi watatu, mmoja wa Kameruni na mwingine wa Ghana. Nikamfuata nikamuuliza, mbona hapa hatusimami? Akaniangalia kwa upole, akasema hilo halimo kwenye ratiba, ila ni wazo zuri.

Sina ugomvi na yule kijana. Anauza kinachonunuliwa. Nina ugomvi na sisi watano. Wote watano tumefanya mtihani wa somo la historia. Wote tumekariri "sababu na matokeo ya Mkutano wa Berlin" mpaka tukaota. Ukituamsha usiku tutakutajia 1884 na 1885. Lakini tulisimama kwenye barabara yenyewe na wanne kati yetu hawakujua kama ndiyo yenyewe. Tulifundishwa Berlin kama jibu la mtihani. Hakuna aliyetuambia ni mahali, pana namba ya nyumba, na mtu anaweza kwenda akasimama pale.

Na kuna jambo moja la tarehe ambalo darasani kwetu halikusisitizwa. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Kaizari alitia saini hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, yule aliyekuwa amepita Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami mwishoni mwa 1884 akikusanya alama za machifu kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Kesho yake! Wageni hata mizigo hawajafunga. Tanganyika kama koloni ilianzia pale, kwenye mtaa ule ambao mimi na wewe tunaupita tukitafuta choo.

Jioni tulipokuwa tunakula kebabu nikaanza kuhubiri. Dada yetu akanikata.

"Kaka, samahani. Mimi nina mwaka wa pili nasafisha vyombo hotelini usiku ili nilipe pango. Hizi ni siku zangu mbili za kupumua. Nataka picha moja nzuri nimtumie mama aone mwanawe yuko salama. Na hilo nalo ni kosa?"

Sikuwa na jibu. Na nikiri hapa mbele yenu, picha yangu ya lango nilipigwa na yeye, na tuliirudia mara sita hadi nikaridhika. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya. Sisemi usifurahi. Mtu aliyejinyima akafika mahali ana haki ya kutabasamu. Ninachosema ni kwamba picha imekuwa mwanzo na mwisho wa safari, na tunawarithisha wadogo zetu nyumbani imani kwamba kufika ndiyo kazi yenyewe.

Nikamwomba kitu kimoja: kesho tutembee ninakotaka mimi, saa tano tu. Akakubali kwa sharti kwamba nitalipia kahawa.

Asubuhi tukaenda Invalidenstraße, Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Ukiingia ukumbi mkubwa unakutana naye uso kwa uso. Mjusi. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na anatambuliwa kuwa mifupa mirefu kuliko yote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani. Shingo inapotea juu kwenye kioo cha paa. Watoto wa Kijerumani wamelala chali sakafuni wakimtazama.

Dada yetu akasogea kwenye maelezo, akasoma neno "Tendaguru". Akanyamaza. Akasoma tena. Akaniambia taratibu, "Huku ni kwetu." Kwao ni Lindi. Amezaliwa Lindi, amesoma msingi Lindi, amemaliza sekondari, anasoma uhandisi Ujerumani, na hakuwahi kupelekwa hata siku moja kwenye kile kilima. Alikuwa anasikia sikia tu kwamba "kuna mjusi wetu yuko Ulaya", kama mtu anavyosikia hadithi za sungura. Alikaa pale zaidi ya saa moja. Picha hakupiga.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tugombane vizuri, maana suala la mjusi kila mmoja wetu ana maoni.

Ukweli wa mambo ni huu. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba Tendaguru na kuondoa zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake. Waliochimba hasa walikuwa mamia ya vibarua wa nchi yetu. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, na wataalamu walimtegemea. Hakukuwa na reli wala lori. Mifupa ilibebwa kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Wanawake nao walikuwepo, wengine wakiwa na watoto. Mjusi aliunganishwa na kusimamishwa mwaka 1937, na akasimamishwa upya kwa kurekebishwa mwaka 2007.

Angalia tena ile tarehe ya mwanzo. 1909. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 na kuisha mwaka 1907, huko huko kusini. Majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala, njaa ikamalizia kazi. Wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa ni kati ya laki mbili na laki tatu. Kwa hiyo mtu akikwambia vibarua walikuja wenyewe kwa hiari na walilipwa, mwulize: mtu aliyechomewa shamba miaka miwili iliyopita, anayedaiwa kodi na serikali iliyomchomea, hiari yake inapimwaje?

Wapo wanaosema, "Bila Wajerumani tusingejua hata kama mifupa ipo." Hoja hii naisikia zaidi kwa Watanzania kuliko kwa Wajerumani, na inanisikitisha. Mifupa ilikuwa imechomoza juu ya ardhi. Wenyeji ndio waliompitisha yule mhandisi Mjerumani, na wenyeji ndio walioitoa ardhini vipande vipande bila kuivunja. Waliokosa ni chuo kikuu na meli, si macho.

Wapo wanaosema, "Tukipewa tutaweza kumtunza?" Hili linahitaji jibu, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Hatuna jengo la mita 13. Lakini hebu tusimulie hadithi nzima. Mrengo wa mashariki wa makumbusho yale yale ulipigwa bomu Februari 1945. Ulikaa gofu hadi ulipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2010. Miaka 65! Hakuna aliyesema Berlin haina uwezo, ihamishie vitu vyake kwa wengine. Waliachiwa muda wakajenga. Uwezo haushuki kutoka mbinguni, unajengwa na mtu aliyekabidhiwa jukumu. Ukininyima jukumu kwa sababu sina uwezo, na uwezo nisiupate kwa sababu sina jukumu, tutazunguka hapo mpaka kiama.

Lakini nageukia pia upande wa pili, wale wa "Rudisheni mjusi wetu!" Ninyi nawapenda ila hamjanishawishi. Kelele hizo huibuka bungeni na magazetini, zikawaka wiki moja, zikazimika. Mwaka 2018 serikali yetu ilishasema hadharani kwamba haitadai arudishwe, inataka ushirikiano katika utafiti na uchimbaji. Sawa, ni msimamo. Ila baada ya kauli ile sisi wananchi tulidai nini? Nani alikwenda kuuliza huo ushirikiano umefundisha Watanzania wangapi kusoma mifupa? Wangapi kati ya wanaopiga kelele wamewahi kufika Tendaguru, umbali wa kilomita kama 60 kutoka Lindi mjini? Mimi sijafika, nakiri. Na dada yetu wa Lindi naye hajafika.

Na kuna jambo kubwa zaidi ya hilo, jambo linaloniumiza mimi binafsi. Tunapiga kelele kwa ajili ya mjusi, tunanyamaza kuhusu watu.

Mimi ni wa Moshi. Kule Old Moshi upo mti ambao kila mtoto wa maeneo yale ameoneshwa. Hapo alinyongwa Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, tarehe 2 Machi 1900. Wazee wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya kututishia tusichezee pale. Nimekua, nimejua si vitisho. Wakati ule mafuvu ya Waafrika yalikuwa yanakusanywa kwa maelfu, yanafungwa kwenye masanduku, yanapelekwa Berlin kwa "sayansi" ya kupima rangi ya mtu kwa umbo la kichwa.

Mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayoshika makusanyo hayo ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki. 904 yaliunganishwa na maeneo ambayo leo ni Rwanda. 202 Tanzania. 22 Kenya. Kwa kupima vinasaba, baadhi ya mafuvu ya Kilimanjaro yalipatiwa ndugu walio hai. Moja lilikuwa la mshauri wa karibu wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Soma tena hizo namba polepole. Watu 202. Kila mmoja alikuwa na mama.

Niliwaeleza wenzangu haya tukiwa tumeketi kwenye benchi, tunakula chapati zilizokunjwa kwenye foili. Mkenya wetu alikuwa anacheka siku nzima na hasira zangu, akiniita mzee wa malalamiko. Nilipofika kwenye 22 akaacha kutafuna.

"Kwani na sisi tuko?"

"Na ninyi mko."

"Na mbona hakuna mtu ametuambia?"

Bwana we, swali hilo ndilo ninalolitaka. Limechelewa, lakini limeulizwa.

Maana mambo haya hayasogei bila mtu kuuliza na kung'ang'ania. Chukua fuvu la Mkwawa. Lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kwamba lirudishwe. Mkataba wa dunia! Lilirudi Kalenga mwaka 1954. Miaka 35, na lilikuwa limeandikwa. Yasiyoandikwa popote yatachukua miaka mingapi kama hakuna anayeuliza?

Na mfano wa kinyume nao upo, tuliukanyaga kwa miguu yetu mchana ule. Tulipanda treni hadi mtaa wa Wedding, kwenye eneo wanaloliita Mtaa wa Kiafrika. Ukisoma vibao utadhani umepotea: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Usifurahi haraka. Majina hayo yaliwekwa enzi za kujivunia makoloni. Palikuwa pia na barabara ya Carl Peters, iliyopewa jina lake mwaka 1939 wakati wa utawala wa Hitler. Mwaka 1986 wakuu wa mji walipoona aibu hawakuondoa jina. Walisema tu kwamba kuanzia sasa Petersallee inamkumbuka Peters mwingine, bwana Hans! Ujanja wa kitoto kabisa. Waafrika wanaoishi Berlin pamoja na Wajerumani wenye kujielewa wakakataa. Waliandamana, waliandika, walitembeza watu mitaani miaka na miaka, wakapingwa hadi mahakamani. Agosti 2024 vibao vikabadilishwa. Kipande kimoja leo kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia. Kipande kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Nilisimama chini ya kibao kile kama mjinga. Maji-Maji-Allee, Berlin. Tukapigana picha na pale, ndiyo, mara sita tena.

Huko Neukölln nako, barabara iliyobeba jina la Wissmann, gavana na mkuu wa majeshi aliyezima upinzani wa pwani, tangu 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck, mama wa Moshi, mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kushika uongozi katika serikali ya Tanganyika huru. Huko hatukufika, muda uliisha. Nauliza tu: kijana wa Moshi wa leo anamjua Lucy Lameck ni nani? Berlin wanamjua, wanaandika anwani zao kwa jina lake.

Kitu cha mwisho tulichokiona nilikipanga kwa makusudi. Brunnenstraße, nyumba namba 193. Usipoangalia chini utapita. Kwenye lami kuna jiwe dogo la shaba, saizi ya kiganja, moja ya yale mawe wanayowawekea waliouawa na utawala wa Hitler mbele ya nyumba walizoishi. Hili ni la Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto aliingizwa katika jeshi la Wajerumani, vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake wa askari ambao haujalipwa. Hakulipwa. Akabaki. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, aliigiza kwenye filamu, na alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alifia kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Novemba 1944.

Kijana wa Dar aliyekwenda Berlin kuuliza haki yake. Yeye aliuliza. Alikuwa hana digrii, hana udhamini wa masomo, hana intaneti mfukoni. Sisi tunavyo vyote hivyo na tunaulizia theluji.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nisije nikaambiwa nimelalamika bila kusema ninachotaka.

Kwanza, watu kabla ya mjusi. Kama sauti yetu ni ndogo na tunaweza kudai kitu kimoja kwa wakati, tudai wale 202. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanyika. Mimi naupokea msamaha ule, sina kiburi. Ila mtu akikuomba msamaha huku ndugu zako wamo ndani ya stoo yake, unampokea mkono na unamwomba ufunguo. Na ufunguo huo tuuombe sisi wananchi, tuwaulize wabunge wetu kwa majina, tusiachie familia chache zilizotafuta peke yao kwa miaka mingi.

Pili, kuhusu mjusi, tuache kuchagua kati ya "arudi kesho" na "abaki milele". Tudai kwamba ni wetu, kwanza. Mali ikishajulikana ni ya nani, mazungumzo mengine yote yanabadilika: mapato, nakala kamili ya kusimamishwa Lindi, vijana wetu kufundishwa, maelezo yote yawepo kwa Kiswahili, na jina la Boheti bin Amrani litajwe kila linapotajwa la Janensch. Kiswahili chenyewe kimefundishwa Berlin tangu 1887, si lugha ngeni pale.

Tatu, na hili ni letu peke yetu, hakuna Mjerumani wa kumlaumu. Mtoto wa Lindi apelekwe Tendaguru kabla hajapelekwa Ulaya. Nauli ya kutoka Lindi hadi kule haiwezi kuzidi ya kutoka Dar hadi Berlin.

Na wewe mwanafunzi mwenzangu unayefunga mkoba wikiendi ijayo, nenda. Kula, cheka, piga picha ya lango, mtumie mama. Kisha toa saa tano tu. Wilhelmstraße, Invalidenstraße, Brunnenstraße, halafu treni hadi Wedding. Yote yanawezekana kwa tiketi moja ya siku. Ukiwa na kiongozi wa watalii akapita mahali bila kusimama, muulize kwa sauti, wengine wasikie. Ukirudi, mwandikie mdogo wako alichokuwa hajui. Usimwandikie tu kwamba umefika.

Jana usiku dada yetu alinitumia ujumbe. Amempigia mama yake Lindi, badala ya picha akamsimulia habari za mjusi. Mama akasema babu yake alikuwa anatajwa kwamba alibeba "mawe ya Wazungu" hadi bandarini, lakini hakuna aliyejali kumuuliza zaidi, na sasa amekufa siku nyingi.

Haya, uwanja ni wenu. Nakaribisha kupingwa, hasa na wale wa "hatuna uwezo". Leteni hoja, matusi nitayafuta. Na kama una bibi au babu wa kusini ambaye bado yu hai, acha kusoma hapa, mpigie umuulize.